Fagus ya Ulaya na ya Iran si spishi moja

Je, fagus, mti wa misitu ya nchi za baridi kiasi, ni spishi moja Ulaya na Iran? Hapana, ni spishi tofauti, ingawa kwa macho utaapa ni mti uleule. Ya Ulaya ni Fagus sylvatica. Zile za Uturuki, Kaukazi na Iran zilitupwa zote kapu moja, Fagus orientalis, jina alilolitoa mtaalamu wa mimea Lipsky mwaka 1898. Kuna waliolishusha likawa nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi) ya sylvatica, ndiyo maana vitabu vinagongana.

Vinasaba ndivyo vilivyopasua kapu hilo. Miti ya magharibi mwa Uturuki imeonekana kuwa ndugu wa karibu zaidi wa ile ya Ulaya kuliko wa ile ya kando ya Bahari ya Kaspi, na hapo ndipo jina moja liliposhindwa kufanya kazi. Mwaka 2024 mtafiti Denk na wenzake waliigawa: jina orientalis likabaki kwa miti ya upande wa magharibi, hohenackeriana ikawa ya Kaukazi, na ya Iran ikapewa jina jipya, Fagus caspica. Si kila orodha ya mimea imeshafuata mgawanyo huo.

Ukitaka kutofautisha orientalis na sylvatica, anza na jani: orientalis kwa kawaida ina mishipa mingi zaidi ya pembeni, na sehemu pana ya jani iko juu ya katikati. Angalia pia kikombe cha mbegu: chini yake orientalis huwa na vijani bapa, sylvatica ina vinywele vigumu tu. Ila kwa miti ya Balkani usiape kwa jani. Chavua yao hupeperushwa na upepo, spishi hizo mbili hukutana huko na chotara ni wengi.