Mwalimu wa Insha, Nawe Andika

Sisi walimu wa Kiswahili husahihisha insha mwaka mzima ilhali wenyewe hatuandiki hata moja. Ushauri wangu: swali lolote unalowapa wanafunzi, liandike nawe, kwa muda uleule. Wazo si langu. Mwaka 1974, kule Berkeley, California, James Gray alianzisha mradi wa walimu ambao msingi wake ni huohuo: anayefundisha kuandika sharti naye aandike.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Ukiwa na kalamu nyekundu mkononi, muda huo unaonekana mwingi. Nilipoketi dawati la nyuma na Kidato cha Tatu kuandika kisa cha "Mchumia juani hulia kivulini", nilimtesa mhusika wangu juani hadi kengele ikakaribia. Kivuli kikaambulia mistari mitatu: akafaulu, akapata kazi, akajenga. Ndicho kisa ninachokikuta madaftarini kila muhula! Kumbe si uvivu. Shida ina mengi ya kusimulia, na anayeanza nayo hazinduki mapema. Siku hizi nawafundisha kuanzia kivulini, mhusika yuko barazani kwake anakunywa chai, halafu turudi juani kwa mbinu rejeshi. Pande zote mbili za methali zinapata haki yake.

Siku nyingine andika ubaoni wakikutazama. Mimi huanza na wanachokipenda: "Nilirauka alfajiri na mapema huku miale ya jua ikipenya dirishani." Kisha nafuta. Msichana mmoja akalalamika, "Mwalimu, si hiyo ilikuwa nzuri?" Nikamwuliza, alfajiri na mapema hilo jua limetoka wapi? Darasa likaangua kicheko. Nikaandika: "Mama aliniamsha kwa kuzima redio." Maswali yakaanza papo hapo. Kwa nini azime? Redio ilikuwa inasema nini? Basi, insha imeshaanza.

Usahihishaji nao hubadilika. Hijai na sarufi bado nazipigia mstari, mtihani ni mtihani. Ila ile "Jitahidi" yetu ya kila siku nimeiacha. Naandika swali moja pambizoni: "Shangazi alijibu nini hapa?" Mwanafunzi anajua pa kushika.

Andika pia nje ya darasa, hata barua kwa mhariri wa gazeti. Yangu moja ilichapishwa bila aya ya kwanza, na nilipoisoma nikaona hakuna kilichopungua. Sasa nawaambia wanafunzi wafunike aya ya kwanza kwa kiganja, waanze kusoma ya pili. Wengi hucheka, kisha hukata wenyewe.

Tahadhari moja: usisome insha yako kabla hawajaandika yao, la sivyo utasahihisha nakala zake darasa zima. Soma baadaye, pamoja na ulivyofutafuta.

Utaniambia muda huna: una zamu, una silabasi, una rundo la madaftari mezani. Sikatai. Lakini wanafunzi wanapoandika, wengi wetu hupitapita tu katikati ya madawati au hukaa na simu. Muda ni huo.