Mlango wa seli haumeng'enywi?

SWALI: Habari dokta, niko fomu siksi. Mwalimu kasema seli inameza kolesteroli halafu risepta, yaani ile protini ya juu ya seli inayodaka mzigo kama mlango, inarudi juu, mbona haimeng'enywi na mzigo wake?

JIBU: Swali zuri sana mdogo wangu! Risepta ikishadaka LDL, yaani chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, utando wa seli unabonyea ndani unakuwa kifuko, kinafika kwenye endosomu, yaani chumba cha kuchambulia mizigo ndani ya seli, humo kuna asidi, pH kama 6 hivi, hiyo asidi ndo inaifanya risepta iuachie mzigo, basi yenyewe inapanda kijifuko kingine inarudi juu, mzunguko mzima kama dakika 10 tu. Mzigo unaendelea hadi laisosomu, yaani kifuko cha kumeng'enyea, pH karibu 5, vimeng'enya vinaukatakata. Brown na Goldstein, wanasayansi waliogundua risepta hii, walipata Nobel 1985, walistahili kabisa, maana kuna watoto wanazaliwa na risepta mbovu, kolesteroli inajazana kwenye damu, moyo unaumwa wangali wadogo.