Mbona Marekani iko hivi? Maswali yenu na majibu yangu

Wapendwa, maswali ni mengi na mengi yanafanana, nimechagua saba. Kwa wageni: nafundisha historia ya wafanyakazi chuo kimoja hapa Ohio, na msimamo wangu ni wa kushoto, sifichi. Naamini matibabu, shule na pa kulala ni haki ya mtu sio bidhaa, na mfanyakazi akisimama peke yake mbele ya bosi hana sauti. Mnaponisoma mjue anayeongea ni mtu wa namna hiyo, mkinikatalia nikatalieni kwa hoja.

Mwalimu shikamoo, niko Mwanza. Inakuwaje mtu anayelipwa kwa saa anampigia kura bilionea kama Trump? Hawajasoma au?

Marahaba. Hiyo "hawajasoma" naisikia hata kwa maprofesa wenzangu na inaniuma kweli, maana ukishamwambia mtu ni mjinga umeshampoteza, na pia sio kweli.

Njoo nikupeleke Youngstown, hapahapa Ohio. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977 wakatangaza kufunga kiwanda cha chuma cha Campbell Works, watu kama 5,000 kazi hakuna, na miaka michache mbele viwanda vingine vikafuata. Wale watu walikuwa Wademokrati toka enzi za babu zao. Sasa chama chao kikawafanyia nini? Rais Bill Clinton, Mdemokrati, akasaini sheria ya NAFTA, mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, Desemba 1993, kampuni zikapata njia rahisi ya kuhamishia kazi Mexico. 2008 benki zikaanguka, Kongresi, yaani bunge la taifa, ikatenga dola bilioni 700 kuziokoa, Wademokrati kibao wakaipigia kura, halafu chini ya Obama mamilioni ya familia wakanyang'anywa nyumba na hizohizo benki. Julai 2017 Trump akaja Youngstown akawaambia msiuze nyumba zenu, kazi zinarudi. Jirani pale Lordstown kulikuwa na kiwanda kikubwa cha magari cha GM, Machi 2019 kikatoa gari la mwisho kikafungwa. Wademokrati na Trump wote wamewaangusha, ila Trump angalau alikuja akatamka kwa mdomo wake kwamba mmeumizwa, na mtu aliyeumia hilo analikumbuka.

Kingine ni vyama vya wafanyakazi. Miaka ya 50 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye chama, leo ni kama mmoja kati ya kumi. Chama hakikuwa mshahara tu, palikuwa ni mahali, mnakutana jioni, mweusi na mweupe meza moja, mnaongea nani anafaidika na jasho lenu. Pale pakifungwa mtu anabaki na tivii na simu, na huko anaambiwa adui yako ni mhamiaji. Septemba 2024 Trump alisimama kwenye mdahalo akasema Wahaiti wa Springfield, mji mwingine wa hapa Ohio, wanakula mbwa na paka za watu. Uongo mtupu, na siku zilizofuata shule za pale zikafungwa kwa vitisho vya mabomu, watoto wadogo wanarudishwa nyumbani. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba ni uchumi peke yake, ubaguzi upo, una mizizi, na wapo waliompigia kura kwa sababu hiyo kabisa.

Ila angalia Missouri. Novemba 2024 Trump alipata kama asilimia 58 ya kura pale. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi ileile, kama asilimia 58 wakakubali kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa na mfanyakazi akiumwa alipwe. Kima cha taifa zima ni dola 7.25 na hakijasogea toka 2009! Yaani ukimuuliza mtu swali lenyewe, anajibu kama mimi. Halafu 2025 bunge la jimbo, wengi wao Warepublikani, chama cha Trump, likaifuta ile ruhusa ya kuumwa kwa malipo. Hii ndo Marekani ninayoijua, watu wanataka kitu, wanakipigia kura, wanakishinda, na bado wananyang'anywa.

Hillary alipata kura nyingi kuliko Trump 2016, alishindwaje? Nimeelezwa mara mia sielewi. (Morogoro)

Huelewi kwa sababu ni kitu cha ajabu, sio kosa lako. Rais hachaguliwi na jumla ya kura za wananchi, anachaguliwa na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, ukifikisha 270 umeshinda. Karibu kila jimbo, ukishinda hata kwa kura moja unabeba wajumbe wote. Hillary alimzidi Trump kura karibu milioni 2.9 akashindwa. Mwaka 2000 Gore alimzidi Bush kama nusu milioni, ikaishia Florida kwa tofauti ya kura 537.

Mfumo ni wa mwaka 1787, na majimbo ya watumwa yaliupenda maana mtumwa alihesabiwa sehemu tatu kati ya tano za mtu kuongeza idadi yao huku yeye mwenyewe hapigi kura. Ongeza Seneti, lile bunge la juu, Wyoming ina watu wasiofika laki sita inapata maseneta wawili, California ina watu kama milioni 39, nayo wawili. Lakini niwe mkweli, 2024 Trump alimzidi Harris hata kwa kura za wananchi, kwa hiyo mwaka ule Wademokrati hawawezi kujificha nyuma ya mfumo.

Ni kweli Mmarekani anaweza kufilisika kwa kuumwa? Nchi tajiri vile? (Dodoma)

Kweli tupu. Mwanangu alivunjika mkono akicheza mpira, bima tunayo, tena nzuri kwa viwango vya hapa, na bili zikaja tatu, ya hospitali mbali, ya daktari mbali, ya aliyesoma picha ya eksirei mbali, kila mmoja na bei yake na hakuna aliyetuambia kabla. Bima nyingi zina kiasi cha kwanza unacholipa mwenyewe ndo wao waanze, kwa hiyo mtu ana kadi mfukoni na bado anaogopa kwenda hospitali. Na kuna zaidi ya watu milioni 25 hawana hata hiyo kadi.

Kinachonikera ni kwamba bima hapa imefungwa na kazi. Ilianza wakati wa Vita vya Pili, serikali ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakatafuta wafanyakazi kwa kuwapa bima badala ya hela. Miaka 80 baadaye ukifukuzwa kazi na watoto wako wanaweza kukosa daktari. Fikiria bosi ana nguvu kiasi gani hapo, nani atagoma mke wake akiwa na sukari? Na inawezekana kuwa tofauti, wenye miaka 65 kwenda juu wana bima ya serikali toka 1965, Medicare, na ukitaka kuona Mrepublikani na Mdemokrati wamekuwa kitu kimoja gusa hiyo bima uone. Badala ya kuipanua kwa wote, tarehe 4 Julai 2025 Trump akasaini sheria inayokata hela za Medicaid, ile bima ya wenye kipato kidogo, na ofisi ya bajeti ya Kongresi yenyewe inakadiria watu kama milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Sheria hiyohiyo inawapunguzia kodi matajiri. Mimi hapo nakosa hata neno la adabu.

Huyu Mamdani, meya wa New York, ni wetu kweli? (Kampala)

Zohran Mamdani amezaliwa hapo Kampala kwenu, 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, wa Mlimani wanamjua, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar miaka ya 70 baada ya Amin kuwafukuza Waasia. Zohran alishinda umeya Novemba 2025 kwa kura zaidi ya milioni moja, akaapishwa Januari 2026. Rais hawezi kuwa maana hakuzaliwa raia wa huku, wengi mmeniuliza.

Ila "wetu" hiyo mimi naiweka pembeni kidogo. Nampendea alivyoshinda: matajiri walimwaga mamilioni ya dola dhidi yake, yeye akajaza vijana wa kujitolea wakagonga milango nyumba kwa nyumba, na ujumbe ulikuwa mfupi, kodi za nyumba za kupanga zisipande, mabasi bure, malezi ya watoto bure. Bodi inayopanga kodi za zile nyumba za kupanga kama milioni moja ambazo kodi yake inadhibitiwa kisheria inateuliwa na meya, hapo ana nguvu. Mabasi yako chini ya shirika la jimbo, na kodi kwa matajiri lazima bunge la jimbo Albany likubali, hapo lazima asukume, na hatosukuma peke yake, wale waliogonga milango wakienda kulala kazi imeisha.

Dada, niko Minnesota, natokea Kisii. Kazini tunaongea, sisi tumekuja juzi na tunajenga nyumba, mbona weusi wa hapa wamebaki nyuma? Si uvivu huo?

Kaka yangu, nashukuru umeuliza wazi, maana hili linasemwa sana jikoni kwetu na kanisani, na mimi mwenyewe nilipofika nililibeba hilo wazo.

Kwanza, sisi tulichujwa. Aliyepata viza ni mwenye digrii, au mwenye ndugu, au mwenye roho ya kuuza shamba apande ndege. Huwezi kuchukua waliochujwa ukawalinganisha na taifa zima la watu.

Pili, mali ya familia ya Marekani ni nyumba, na nyumba weusi walizuiwa kwa sheria. Miaka ya 30 serikali ilichora ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, mkopo wa nyumba hapo haupo. Mafao ya uzeeni yalipoanza 1935 waliachwa nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na huko kusini hao walikuwa weusi zaidi. Askari waliorudi kutoka vitani baada ya 1944 walipewa mikopo ya nyumba na kusoma, askari weusi wengi wakazungushwa wasipate. Baba hana nyumba, mtoto harithi kitu, mjukuu anaanza na deni la chuo. Mwaka 2022 familia ya weupe ya katikati, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya weusi 44,900. Uvivu hauwezi kutoa hesabu kama hiyo.

Tatu inakuhusu wewe. Wengi wetu huko Minnesota tunalea wazee majumbani. Hiyo kazi ilitengwa kwenye sheria ya mshahara ya 1938 kwa sababu walioifanya walikuwa wanawake weusi, na walezi wa majumbani kama wewe mpaka 2015 ndo wakaanza kulindwa na sheria ya taifa kulipwa ovataimu. 2025 serikali ikapendekeza ulinzi huo uondolewe. Ubaguzi uliolengwa kwao unakula mfukoni mwako wewe Mkisii. Na mlango uliopita wewe na mimi, sheria ya uhamiaji ya 1965, ulifunguliwa na vuguvugu lao la haki, kabla ya hapo nafasi za Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Pale Memphis 1968 wazoa taka 1,300 waligoma wakabeba mabango yameandikwa MIMI NI MTU, na Martin Luther King alikuwa ameenda kusimama nao alipopigwa risasi tarehe 4 Aprili. Mwenzako mweusi hapo kazini mualike chai, umuulize bibi yake alifanya kazi gani.

Mnashutumiwa maprofesa mnawajaza watoto siasa za kushoto. Unajibuje? (Muscat)

Wanafunzi wangu wengi wanatoka kazini usiku kwenye maghala, wanakuja darasani macho mekundu, kama ningeweza kuwajaza kitu ningeanza na usingizi wa kutosha. Nawasomesha mikataba, hotuba za mabosi, hotuba za wagoma, wanabishana. Wapo wanaompenda Trump na wanapata A.

Mwenye nguvu ya kulazimisha hapa sio mimi. 2025 serikali ya Washington ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti za Harvard, jaji akasema Septemba ni kinyume cha sheria. Chuo cha Columbia kikakubali kuilipa serikali zaidi ya dola milioni 200. Na hapa Ohio sheria mpya ya 2025 imewakataza walimu wa vyuo vya umma kugoma. Nafundisha historia ya migomo na mwenyewe siruhusiwi, naumia kila nikisimama mbele ya darasa.

Nimepata nafasi ya PhD huko, nije au nisije? Naogopa. (Nakuru)

Mdogo wangu, hongera, na hofu yako ina msingi. Toka Juni 2025 waombaji wa viza ya mwanafunzi wanatakiwa kuacha akaunti zao za mitandao wazi zisomwe, na wapo wanafunzi waliokamatwa kwa maoni yao kuhusu Palestina. Kabla hujajibu chuo, dai kwa maandishi: posho ni kiasi gani na ni ya miaka mingapi, kiangazi wanalipa au hawalipi, bima ya afya nani analipa, msimamizi wako fungu lake la utafiti linatoka serikalini au wapi na likikatwa unaenda wapi. Uliza pia kama wanafunzi wanaofundisha wana chama chao. Kama wanacho, waandikie hao kwanza kabla ya ofisi ya udahili, watakwambia kodi ya chumba ni bei gani na msimamizi gani wa kumkwepa. Majibu ukiyapata nitumie tuyasome pamoja.