Kadi ya gemu kwenye kompyuta ya ofisi

SWALI: Nimenunua Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, ile nyembamba, ina prosesa ya i5-7500 na RAM GB 8. Fundi anataka kuniwekea kadi ya GTX 1060 nichezee gemu. Nikubali?

JIBU: Usikubali. GTX 1060 hula wati 120 na huhitaji waya wake wa umeme kutoka pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Yako ni ya wati 180 tu na waya huo haina. Isitoshe, kadi ya urefu wa kawaida haiingii kwenye kasha hilo. Kubadilisha pawa saplai nako ni kazi: plagi za Dell hizi si zile za pini 24 zinazouzwa madukani.

Tafuta GTX 1650 fupi, aina isiyo na tundu la umeme juu yake. Hiyo hujitosheleza kwa wati 75 za sloti ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kadi ya RX 6400 pia ni fupi na hula umeme mdogo kuliko hiyo, ila hutumia njia nne tu za data, na kwenye mazabodi ya zamani kama yako hupungukiwa kasi.

Kabla ya kulipa, hakikisha kadi ina kibati kifupi cha kuifungia. Wauzaji wengi hukipoteza, na bila hicho kadi inaning'inia.

Pesa ikibaki, ongeza kijiti cha pili cha RAM cha GB 8, aina ya DDR4. Vijiti viwili hupeleka data kwa kasi kuliko kimoja. Halafu waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Wengi huuchomeka kwenye mazabodi, kisha hudhani kadi ni mbovu.