Jiko la mtungi kwenye gesi ya bomba

SWALI: Nimehamia nyumba yenye gesi asilia ya bomba. Jiko langu la plate nne nimelizoea na mtungi. Naweza kuliunganisha tu? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, nozeli (vipande vidogo vyenye tundu linalopitisha gesi kwenda kwenye moto) zibadilishwe kwanza. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ya bomba, inayotoka Songo Songo, ni methani karibu tupu. Meta moja ya ujazo ya propani hutoa joto la zaidi ya megajuli 90, ya methani haifiki 40. Kwa hiyo methani inahitaji tundu kubwa zaidi.

Ondoa kichwa cha bana uchungulie ndani. Utaona nozeli ndogo ya shaba yenye namba. Ikiandikwa 65, tundu lake ni milimita 0.65, la gesi ya mtungi. Bana hiyohiyo kwa gesi asilia huhitaji kama 97. Ukiiacha ya 65, moto utakuwa hafifu na maharage hayataiva leo. Tafadhali usikubali fundi aitoboe kwa drili: tundu likienda upande, hewa haichanganyiki vizuri, moto unageuka njano, sufuria inashika masizi, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inajaa jikoni. Nunua seti ya nozeli za modeli yako. Kama kibandiko nyuma ya jiko kinataja LPG (gesi ya mtungi) peke yake, tafuta jiko jingine.

Regulata ya mtungi nayo iache. Hiyo hutoa gesi kwa mgandamizo wa milibari 30 hivi, gesi asilia kwa kawaida 20. Kazi hii aifanye fundi wa kampuni inayokuletea gesi, na kila kiungio kipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Tundu la hewa la jikoni liwe juu, karibu na dari, maana methani ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni. Aliyebaki na mtungi aache uwazi chini ya mlango.

SWALI: Huku Makete, asubuhi za Juni moto unafifia ilhali mtungi una gesi. — Msomaji, Njombe

JIBU: Propani huchemka kwenye nyuzi −42, butani −0.5. Propani hutangulia kutoka, kwa hiyo mtungi unaoelekea kuisha umebaki na butani nyingi, na kwenye baridi haigeuki mvuke haraka. Usiulaze wala kuumwagia maji ya moto. Washa bana moja tu, na kabla ya msimu wa baridi chukua mtungi mkubwa zaidi.