Unaanza kuchambua kesi za Marekani? Anza na amri

Habari ya gazeti isome, hakuna ubaya, ila usiandike chochote kabla hujafungua hukumu yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani huiweka kwenye tovuti yake siku ileile, bure. Nenda kwanza mwisho wa hukumu ya walio wengi, ilipo amri, yaani mstari unaosema kifanyike nini na kesi, kisha rudi mwanzo utafute swali ambalo majaji walikubali kulijibu.

Chukua kesi inayotugusa: Opati dhidi ya Sudan, iliyoamuliwa tarehe 18 Mei 2020. Wadai walikuwa majeruhi na jamaa za waliouawa katika milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, wakidai Sudan iliwasaidia washambuliaji. Mahakama ya shirikisho mjini Washington ilikuwa imewapa takriban dola bilioni 10.2, na kati ya hizo kama bilioni 4.3 zilikuwa fidia ya adhabu, yaani ya kumwadhibu mkosaji, si ya kufidia hasara. Mahakama ya rufaa ikazifuta hizo bilioni 4.3. Hoja yake: sheria iliyoruhusu fidia ya aina hiyo ilipitishwa 2008, miaka kumi baada ya milipuko, na Bunge halikusema waziwazi kwamba inarudi nyuma.

Basi swali lililofika juu lilikuwa hilo tu: Bunge lilisema waziwazi vya kutosha, au la? Majaji wote wanane walioketi walisema ndiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na Neil Gorsuch (Brett Kavanaugh hakushiriki). Amri ikawa kutengua uamuzi wa rufaa na kuirudisha kesi. Humo hamna mstari unaoiambia Sudan itoe pesa. Isitoshe, jamaa wa kigeni waliodai kwa sheria za majimbo walirudishwa mahakama ya rufaa, suala lao liangaliwe upya. Anayeandika "Sudan yaamriwa kulipa mabilioni" anawapa matumaini ya bure watu waliokwisha kusubiri zaidi ya miaka ishirini. Kilichokuja kulipwa kilitokana na makubaliano ya serikali mbili: dola milioni 335, zikijumuisha pia shambulio la meli ya kivita ya Marekani, USS Cole.

Kura nazo zihesabu hoja kwa hoja. Katika Dobbs ya 2022, iliyofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, wengi huandika 6 kwa 3. Sita ni wale waliokubali sheria ya jimbo la Mississippi iliyobana utoaji mimba ibaki. Kuifuta Roe, hukumu ya 1973 iliyoitambua haki hiyo, kulipata watano. Jaji Mkuu John Roberts aliiunga mkono Mississippi lakini hakutaka kwenda mbali hivyo. Hayo huyaoni mpaka usome maoni yake mwenyewe, na wanafunzi wengi huishia muhtasari wa mwanzo, ambao mahakama yenyewe inasema si sehemu ya hukumu.

Mahakama hiyo ikikataa kusikiliza rufaa, usiseme imeafiki uamuzi wa chini. Walichokosa waombaji ni majaji wanne wa kuipokea, na sababu kwa kawaida haitolewi.

Kwenye mahakama za chini, kesi ikiwa bado changa, kuwa mwangalifu zaidi. Mdaiwa akiomba kesi itupwe mapema, jaji huyachukua madai ya mdai kana kwamba ni kweli, apime kama sheria inampa nafuu. Ombi likikataliwa, hakuna kilichothibitishwa bado. Andika "mdai anadai", hata kama unamwamini.