Swali la lugha: "Kindi hii" au "kindi huyu"? Kuhusu maelezo ya picha za wanyama

Msomaji wa Masindi, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, ameniandikia kuhusu picha alizozipiga za wanyama wadogo wanaochimba mashimo ardhini. Shule moja ya sekondari imemwomba picha hizo ili zibandikwe ukutani pamoja na maelezo ya Kiswahili, naye ameandika hivi chini ya picha ya kwanza: "Kindi-mwitu hii ya ardhi ilitambulishwa Murchison Falls, nilichukua picha yake asubuhi." Mwenzake amemwambia aandike "kidiri hiki", na mgeni mmoja kutoka Ulaya alisisitiza kwamba mnyama huyo ni marmota. Anauliza: ni jina gani lililo sahihi, lipatanishwe vipi, na je, sentensi yake inasema kile alichokusudia?

Ndugu mwongozaji, nianze na upatanisho, kwa kuwa ndio unaosikika vibaya kabla ya mengine yote. Kindi ni mnyama, na nomino inayotaja kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa viumbe hai hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Kwa hiyo tunasema kindi huyu, kindi hawa, kindi wa ardhini, kindi mwenye mlia, kindi amekimbia. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomkosoa mwenzako, kwa sababu kidiri, ingawa huanza kwa ki- na wingi wake ni vidiri, ni mnyama vilevile. Ni sahihi kuandika kidiri huyu na vidiri wale wamesimama, kama tunavyosema kiboko yule na viboko wale. Kidiri hiki kingefaa kama ungekuwa unazungumzia kinyago cha mnyama huyo. Hapa Uganda wengi wetu tulikipata Kiswahili sokoni, barabarani na kambini kabla ya kukikuta darasani, na katika mazungumzo hayo "hii" imezoeleka kubeba kila nomino. Mazoea hayo hayamzuii mtu kueleweka. Hata hivyo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na maandishi yanayobandikwa mbele ya wanafunzi ndiyo watakayoyaiga, kwa hiyo yanastahili uangalifu kuliko mazungumzo ya njiani.

Pili ni "nilichukua picha". Usemi huu umeenea, lakini Kiswahili kina kitenzi chake cha tangu zamani, nacho ni kupiga picha. Anayezungumza Kiluganda hana sababu ya kukiona kigeni, maana hata kwao picha hupigwa: okukuba ekifaananyi. Kuchukua picha, kwa maana yake ya asili, ni kuiokota au kuibeba picha iliyokwisha kuwapo, kama mtu anayeifuata kwa mpigapicha akaondoka nayo. Zingatia pia tofauti ya kumpiga picha na kumpigia picha. Ukisema nilimpiga picha kindi, kindi ndiye anayeonekana pichani. Ukisema nilimpigia picha mgeni, mgeni ndiye uliyemfanyia kazi hiyo, na huenda yeye mwenyewe hayumo pichani kabisa.

Neno linalohitaji maelezo marefu zaidi ni "ilitambulishwa", kwa kuwa hapo ndipo maana ya sentensi nzima inapopotea. Kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa wengine: mwenyeji humtambulisha mgeni mbele ya wazee. Anayesoma kwamba kindi alitambulishwa Murchison Falls ataelewa kwamba aliletwa hapo kutoka mahali pengine, jambo ambalo si kweli na ambalo wewe hukulikusudia. Vitenzi unavyovihitaji ni vinne, na kila kimoja kina kiwango chake cha uhakika. Kumwona mnyama hakudai ujuzi wowote. Kumtambua ni kumjua kwa kuwa ulikwisha kumfahamu, kama unavyomtambua jirani yako kwa mwendo wake tu. Kubainisha ni kufikia jina kwa ushahidi, yaani kutazama alama moja baada ya nyingine hadi majina mengine yote yaondolewe. Kuainisha ni kumweka katika kundi lake miongoni mwa viumbe, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya wataalamu wa elimu ya wanyama. Mtu anayeandika maelezo ya picha hana budi kuchagua kitenzi kisichozidi kile ambacho picha inakionyesha, na nalishikilia jambo hili kwa nguvu kuliko mengine yote ninayokuandikia leo.

Tuchukue picha zako zenyewe, kama ulivyozieleza. Katika ile ya kwanza mnyama amesimama kwa ubavu, manyoya yake ni machache na magumu, masikio ni madogo sana, na mlia mmoja mweupe unatoka begani hadi nyongani. Hizo ndizo alama za kindi wa ardhini mwenye mlia, ambaye wataalamu humwita Xerus erythropus, na siku hizi wengine humwita Euxerus erythropus. Hapo una haki ya kuandika kwamba umembainisha. Yuko pia kindi wa ardhini asiye na mlia, Xerus rutilus, ambaye katika nchi yetu anapatikana kwenye maeneo makavu ya kaskazini mashariki, upande wa Karamoja. Basi mlia ndio unaotoa jina, na mpigapicha anayetaka jina la uhakika hana budi kumngoja mnyama ageuke ubavu, na ikiwezekana ashushe kamera hadi usawa wa macho ya mnyama ili nyasi za mbele zisifunike kiuno. Picha inayoonyesha uso na kifua tu inaweza kuwa nzuri kupita nyingine zote na bado isitoshe kuthibitisha jina.

Hata neno mlia linataka uangalifu. Nguchiro wa Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambao nao husimama wima kwa miguu ya nyuma na kuwachanganya wageni, wana milia inayoukata mgongo kwa upana, ilhali mlia wa kindi unafuata urefu wa mwili. Ukiandika "mnyama mwenye milia" bila kutaja mwelekeo, msomaji hawezi kujua ni yupi unayemsema. Andika mlia wa ubavuni, au milia ya kukata mgongo, na shaka itaondoka.

Kuhusu jina lenyewe, kindi, kidiri na kuchakuro yote ni majina ya Kiswahili ya wanyama hawa, na hakuna hata moja la kukataliwa. Nakushauri utumie kindi, kwa kuwa ndilo linalojulikana kwa watu wengi zaidi, kisha uendelee nalo mwanzo hadi mwisho, maana mwanafunzi akikuta kindi kwenye picha moja na kidiri kwenye ya pili atadhani ni wanyama wawili. Badala ya "wa ardhi" andika wa ardhini, kwa kuwa unataja mahali anapoishi na kutafutia chakula, si kitu alichoumbwa nacho. Na "mwitu" liondoe. Tunasema paka mwitu kwa sababu yuko paka wa nyumbani. Kindi wa kufugwa hatuna, kwa hiyo neno hilo halitofautishi chochote.

Mgeni wako hakukosea bila sababu. Marmota ni wa familia moja na kindi, naye huchimba mashimo, husimama wima na hupiga mbinja anapoona hatari. Lakini spishi zake zipatazo 15 zote ni za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na Afrika hana makao. Ni mnyama mzito, ambaye mkubwa wake huweza kufikia kilo 6 au 7, na hulala miezi yote ya baridi kali shimoni, tabia ambayo kindi wetu hawana. Kinachofaa kukumbukwa na anayeandika ni kwamba wale kindi wa ardhini wa Marekani, ambao wageni huwa wamewazoea, wana nasaba ya karibu zaidi na marmota kuliko na kindi wetu wa Afrika, ingawa Kiingereza huwaita wote kwa jina moja. Kwa hiyo ukimtaja mnyama wa kule, ongeza mahali: kindi wa ardhini wa Amerika. Neno marmota lenyewe lipatanishwe kama mnyama yeyote, marmota huyu na marmota hawa, na usimpe jina la pimbi kwa sababu tu wanafanana kwa umbo na wote hupenda mawe. Pimbi ana nasaba ya karibu na tembo na si wa jamii ya kindi hata kidogo.

Sasa maelezo ya picha ya kwanza yanaweza kusomeka hivi: "Kindi wa ardhini mwenye mlia (Xerus erythropus). Amebainishwa kwa mlia mweupe wa ubavuni. Alipigwa picha asubuhi katika Hifadhi ya Murchison Falls." Kwa ile ya pili, ambayo unasema nyasi zimemfunika mnyama hadi shingoni, usibainishe. Unajua kwamba asiye na mlia ni wa upande wa Karamoja, na hilo ni jambo la kulizingatia, lakini mahali peke yake hapathibitishi jina. Kiswahili kina neno linaloibeba shaka hiyo barabara, nalo ni huenda: "Kindi wa ardhini, Murchison Falls. Huenda ni mwenye mlia, ubavu hauonekani."